Ndoo 61 zilizopotea mwezi ulipochelewa: uchambuzi wa kisa kutoka Pemba

Dikoni, yaani ufukweni vyombo vya uvuvi vinapoteremshia mali, ndoo ni ile ya plastiki ya lita 20, inayojazwa dagaa mpaka mdomoni. Kila ndoo inayoteremshwa ina wenyewe: mwenye chombo, mwenye nyavu na taa, nahodha, mabaharia, na mama anayeichukua mali kauli akaichemshe, aianike, auze ndipo alipe. Ndoo moja isipoandikwa, mgao wa watu wote hao unaharibika. Mwezi wa Oktoba 2023, katika diko moja la kaskazini mwa Pemba, ndoo 61 zilionekana kwenye daftari la karatasi na hazikuonekana kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo huo niliuandika mimi. Haukutoa kosa hata moja.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hitilafu za namna hii ndizo zinazonitia hofu kuliko zote. Programu inayoanguka huwa imekwambia kitu. Programu inayosema "imepokelewa" huku haijapokea chochote humfanya karani mwaminifu aonekane mwizi, na hapa ndipo mambo yalipofikia.

Karani wetu ni mwalimu mstaafu, na dikoni kila mtu humwita Maalim. Kabla ya mfumo aliandika kwa mkono kwa miaka mingi: chombo, ndoo, aliyechukua, bei. Baada ya mfumo hakuacha daftari lake, aliandika kote kuwili. Mgao lakini ulikuwa ukipigwa kutoka kwenye mfumo, maana ushirika ulishakubaliana hivyo. Mabaharia wa chombo kimoja walipoona wamelipwa ndoo nne wakati waliteremsha tisa, hawakuja kuniuliza mimi niliyekaa Wete. Walimuuliza yeye, mbele za watu.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Maalim anatumia ukurasa wa wavuti kwenye simu. Mtandao ukiwa haupo, rekodi zinakaa kwenye foleni ndani ya simu, ukirudi zinatumwa kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza hesabu zote. Kwa kuwa simu na seva zote zinaendesha JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kanuni za hesabu niliziandika mara moja tu, katika moduli, kifurushi kimoja cha msimbo (maandishi ya programu) kinachotumiwa na pande zote mbili: kukagua rekodi, kujua ni ya siku gani, kupiga jumla. Niliona hiyo ndiyo njia salama. Ukiandika kanuni moja mara mbili, iko siku utairekebisha huku ukasahau kule. Hoja hiyo naiamini mpaka leo. Ila nilikuwa nimeichukulia kwamba msimbo mmoja ukiendeshwa mahali pawili utatoa jibu moja, na hilo si kweli.

Mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa mtandao. Upande ule wa kisiwa mawimbi ya simu huja na kuondoka, kwa hiyo tulidhani rekodi zinaanguka njiani. Nikaiandalia simu orodha ya kila jaribio la kutuma: saa ngapi, rekodi ngapi, seva imejibu nini. Nikakaa nayo wiki mbili za katikati ya Oktoba. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndoo za karatasi na ndoo za mfumo zililingana kila alfajiri, hata siku ambazo mtandao ulikatika mara tano. Nilipitia pia historia ya msimbo, na moduli ile ya pamoja ilikuwa haijaguswa tangu Juni. Nikawaambia ushirika kwamba tatizo limeondoka lenyewe. Maneno yale sikupaswa kuyasema, kwa sababu tatizo ambalo hujui limeingilia wapi huwezi kusema limetoka.

Aliyenirudisha kwenye njia ni nahodha mmoja mzee, kwenye kikao cha mwisho wa Oktoba. Alisikiliza maelezo yangu yote ya mtandao na seva, kisha akasema:

"Mwanangu, hizo siku ulizokaa kuchunguza lilikuwa giza. Subiri mbalamwezi ipite, mwezi uanze kuchelewa. Ndoo zetu zilipotea siku hizo."

Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukiwa mpevu unaangaza usiku kucha, vyombo vinapumzika. Mwezi ukiwa mchanga unazama mapema, watu wanavua baada ya hapo na kurudi alfajiri. Katikati ya giza, usiku mzima ni wao, na marejeo pia ni alfajiri. Lakini siku chache baada ya mwezi mpevu mambo hugeuka: giza linakuwa mwanzo wa usiku, kisha mwezi unachomoza, kila siku ukichelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Vyombo vinatoka magharibi, vinavua mpaka mwezi utoke, vinarudi. Siku hizo dagaa wanateremshwa kati ya saa nne na saa nane usiku.

Nilifungua orodha ya ndoo zilizopotea katika daftari la Maalim. Mwezi ulipevuka tarehe 29 Septemba, na zote 61 ziliandikwa kati ya tarehe 2 na 7 Oktoba. Mwezi mpevu uliofuata ulikuwa tarehe 28. Nikajua nina siku nne tano za kujiandaa.

Safari hii sikwenda kutafuta kosa. Nilikwenda kuhesabu. Pale rekodi inapotoka mkono mmoja kuingia mwingine niliweka hesabu: ngapi zimeingizwa simuni, ngapi zimetoka kwenye foleni, ngapi zimefika mlangoni mwa seva, ngapi zimepita ukaguzi, ngapi zimeandikwa kwenye hifadhidata. Namba tano kwa kila safari, na utambulisho wa kila rekodi. Kazi yote ilichukua chini ya saa mbili, na najuta kwamba sikuifanya siku ya kwanza.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 2 Novemba, nilikuwa dikoni. Vyombo viliingia tangu kabla ya saa tano. Wanawake walikuwa wameshawasha moto chini ya majungu ya maji ya chumvi, moshi umetanda, ndoo zinapita kichwani kutoka ufukweni. Nikaona jambo ambalo katika miaka miwili ya mfumo huu sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kuwa pale saa zile. Maalim aliandika chombo cha kwanza kwenye karatasi, simu akaiacha mfukoni. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu pia. Ilipopita saa sita usiku ndipo akaitoa simu na kuanza kuingiza vyote kwa mpigo.

Nikamuuliza: "Maalim, mbona ulikuwa unangoja?"

"Nikiingiza kabla ya saa sita inaniwekea Jumatano," akasema. "Na huu ni usiku wa Alhamisi."

Ilibidi nikae kitako. Kwetu siku huanza magharibi. Jua likizama Jumatano, usiku unaoingia ni usiku wa Alhamisi. Alhamisi usiku ni kitu kingine, huo ni wa Ijumaa. Maalim na wavuvi wote walihesabu hivyo, na mgao wa usiku mmoja, tangu magharibi hadi alfajiri, ulikuwa hesabu moja. Mimi mwenyewe nimelelewa na hesabu hiyo nyumbani. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta niliandika siku inayokatika saa sita usiku, kwa sababu mashine ndivyo inavyokata. Maalim hakulalamika. Alitafuta njia yake ya kuufanya mfumo ukubaliane na ukweli, akaitumia miaka miwili bila kumwambia mtu.

Baadaye nilipotazama rekodi za zamani niliona alama ya jambo hilo iko wazi: siku za mwezi kuchelewa, vyombo saba au vinane "viliteremsha" ndani ya dakika kumi baada ya saa sita usiku. Hakuna diko linaloteremsha namna hiyo. Data ilikuwa ikisema muda wote.

Rekodi ya mwisho ya mkupuo ule ilikuwa ya ndoo sita. Aliibonyeza saa sita na dakika 47. Skrini ikaonyesha alama ya kijani, jumla ya usiku ikapanda. Nikaifungua orodha yangu ya namba tano, na kwa rekodi tisa za mkupuo ule ilisomeka hivi: zilizoingizwa 9, zilizotoka 9, zilizofika 9, zilizopita ukaguzi 0, zilizoandikwa 0. Jibu la seva: 200, yaani sawa.

Rekodi yenyewe, ilivyofika mlangoni, ilikuwa na wakati huu:

2023-11-01T21:47:33.512Z

Ile Z ya mwisho maana yake ni UTC, saa za ulimwengu. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, mwaka mzima, hatubadilishi saa kufuata majira. Saa 21:47 ya UTC ya tarehe 1 ni saa sita na dakika 47 usiku wa tarehe 2 kwetu. Wakati ulikuwa sahihi kabisa, haukupotoka hata sekunde. Kilichopotoka ni jina la siku. Hii ndiyo kazi (function, kipande cha msimbo chenye jukumu moja) niliyoiandika katika moduli ya pamoja:

function sikuYaDaftari(wakati) {
  const d = new Date(wakati);
  return d.getFullYear() + "-" + (d.getMonth() + 1) + "-" + d.getDate();
}

Amri kama getDate hazisomi wakati peke yake. Zinasoma wakati, kisha zinaangalia mashine inayoziendesha imewekewa saa za wapi. Simu ya Maalim iko kwenye saa za Afrika Mashariki, ikajibu tarehe 2. Seva iko kwenye UTC, ikajibu tarehe 1. Mistari ni ile ile, herufi kwa herufi, na kila mashine iliona imejibu vizuri. Tofauti hiyo huishi saa tatu tu kila usiku, kuanzia saa sita hadi saa tisa. Vyombo vinavyorudi alfajiri havikutani nayo. Vinavyorudi mwezi unapochomoza vinakutana nayo, na vile vilivyorudi saa nne na saa tano vilisukumwa ndani yake na subira ya Maalim.

Kwa nini basi tulikaa miaka miwili salama? Kwa sababu seva ya zamani ilikuwa kompyuta iliyokaa ofisini Wete, saa zake za hapa hapa. Wiki ya mwisho ya Septemba tuliihamishia kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya, tukikimbia kukatika kwa umeme. Msimbo haukubadilika, chumba ndicho kilichobadilika. Majaribio yangu yote nayo yalipita kwa sababu niliyaendesha kwenye kompyuta yangu, ambako "simu" na "seva" vyote vilikuwa mashine moja yenye saa moja.

Onyo tulikuwa tumeshapewa, tukalipita. Kwenye ile seva ya zamani, ripoti ya asubuhi ilikuwa ikiandika Thursday, wakati ukurasa wa simu uliandika Alhamisi, na kazi inayotaja jina la siku ilikuwa moja, ya moduli ile ile. Sababu yake ni kwamba matoleo rasmi ya Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva, kabla ya toleo la 13, lililotoka Oktoba 2019, yalikuja na data ya Kiingereza tu. Ukiomba Kiswahili hayakatai, yanakupa Kiingereza kimya kimya. Tulipohamia seva mpya yenye Node mpya, Alhamisi ikarudi, na sote tukafurahi kuona uhamisho umetengeneza mambo. Tofauti iliyoonekana ikaondoka, ikaingia isiyoonekana.

Mpaka hapo tumejua kwa nini seva iliiita rekodi "Jumatano". Bado hatujajua kwa nini ilipotea. Kuiweka siku isiyo yake ni kosa, lakini ni kosa linaloonekana: ungeikuta kwenye ukurasa wa Jumatano. Kupotea kulihitaji ukimya wa watu watatu waliofuatana, na wote watatu niliwaweka mimi.

Kimya cha kwanza. Daftari la siku hufungwa alasiri, mgao ukishapigwa. Seva ilipoona rekodi ya "Jumatano" ambayo daftari lake limefungwa tangu jana alasiri, kazi ya kukagua ilitoa kosa, kama ilivyotakiwa. Lakini kazi hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya catch, amri inayonasa kosa lisisimamishe programu, na catch hiyo ilirudisha orodha tupu. Niliiandika hivyo kwa ajili ya simu. Upande wa simu, kazi ile ilitumika kuonyesha rekodi kwenye skrini, na mwanzoni rekodi moja mbovu ilikuwa ikigandisha ukurasa mzima Maalim akiwa katikati ya kazi. Kurudisha orodha tupu kulimwokoa. Kwa skrini ule ulikuwa msaada, mtu anaona orodha haina kitu anauliza. Kwenye seva hakuna macho. Orodha tupu ikaingia kwenye hatua ya kuhifadhi, seva ikahifadhi rekodi sifuri kwa ufanisi, ikajibu 200. Na kwa kuwa ukaguzi ulipita kwenye mkupuo mzima kwa pamoja, rekodi moja ya "Jumatano" ilizamisha na wenzake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Tunaposhiriki msimbo kati ya kivinjari na seva tunadhani tunashiriki kanuni peke yake. Tunashiriki pia tabia: nini kifanyike mambo yakiharibika. Kanuni za ndoo ni zile zile popote. Tabia haiwezi kuwa ile ile, kwa sababu simu iko mbele ya mtu na seva iko peke yake gizani.

Kimya cha pili ni cha simu. Nilituma kwa fetch, amri ya kivinjari ya kutuma maombi kwa seva, nikaandika kwamba ikitokea kosa, rekodi zirudi kwenye foleni. Lakini kwa fetch, kosa ni pale tu ombi lisipofika, au jibu lisiporudi. Seva ikijibu 404 (hakipatikani) au 500 (seva imeshindwa), kwa fetch mazungumzo yamekamilika, ni juu yako kuangalia kama jibu ni zuri. Sikuangalia. Kwa tukio hili kuangalia peke yake kusingetosha, kwani seva ilijibu 200, ila nilipolirekebisha niligundua foleni ilikuwa inafutwa hata seva inapoungama kwamba imeshindwa.

Kimya cha tatu ndicho kilichomponza Maalim. Jumla anayoiona usiku haikutoka kwenye seva. Simu iliipiga yenyewe, kwa moduli ya pamoja, kutokana na rekodi zilizo kwenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo usiku kucha aliona jumla sahihi. Asubuhi akiufungua ukurasa upya, simu inachukua hesabu ya seva, na ndoo hazipo. Mtu aliyeona 9 usiku na 4 asubuhi, kwa macho yake, hana cha kujitetea nacho. Alichokuwa nacho ni karatasi.

Njia ya haraka ya kutibu ilikuwa kuiambia seva iishi kwenye saa zetu, kwa kuweka TZ (mpangilio wa saa za mahali) kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Ni mstari mmoja, na ningelala. Nilikataa, na ningekataa tena. Mpangilio huo unakaa nje ya msimbo, hauonekani kwa anayeusoma, na tukihama tena hakuna atakayekumbuka kuubeba. Isitoshe, simu nazo hazikuwa za kuaminika. Tulipozikagua, ya karani msaidizi, aliyoletewa na nduguye kutoka Oman, bado ilikuwa kwenye saa za Muscat, moja mbele yetu. Kwake yeye siku ilikatika saa tano usiku.

Tulikaa na Maalim na yule nahodha, tukaamua siku ianze lini. Walisema magharibi. Magharibi yenyewe inasogea kidogo mwaka mzima, na mfumo haukuhitaji usahihi wa adhana, kwa hiyo nikapendekeza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo hakuna chombo kinachoteremsha dagaa. Ndipo hesabu ikajipanga vizuri kuliko nilivyotarajia. Kutoka UTC kuja saa zetu ni saa tatu. Kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku, pale mashine inapokata siku, ni saa sita. Jumla tisa. Ukiusogeza wakati mbele kwa saa tisa, kisha ukausoma kwa UTC, siku ya mashine inakatika pale pale siku ya wavuvi inapokatika:

const TOFAUTI = 9 * 60 * 60 * 1000;

function sikuYaDaftari(wakati) {
  const ms = new Date(wakati).getTime();
  return new Date(ms + TOFAUTI).toISOString().slice(0, 10);
}

Ijaribu kwa mkono: saa 21:47 UTC ya tarehe 1, ongeza tisa, unapata 06:47 ya tarehe 2. Alhamisi. Chukua chombo cha saa nne usiku: 19:00 UTC ya tarehe 1, ongeza tisa, 04:00 ya tarehe 2. Alhamisi pia, na Maalim hahitaji kungoja. Kazi hii haiulizi mashine iko wapi, kwa hiyo simu ya Muscat na seva ya Ulaya zinatoa jibu moja. Ina faida nyingine iliyojificha: ukiipa wakati mbovu, toISOString inatoa kosa papo hapo, wakati getDate ya zamani ingejibu NaN (si namba) na kuendelea, na ungepata siku inayoitwa "NaN-NaN-NaN". Njia hii inafaa kwetu kwa sababu hatubadilishi saa. Nchi inayobadilisha isiitumie.

Catch zote niliziondoa kwenye moduli ya pamoja. Sasa moduli inatoa kosa na kila upande unalipokea kwa tabia yake: simu inaonyesha rekodi ile ikiwa nyekundu bila kugandisha nyingine, seva inaiweka pembeni katika jedwali la rekodi zilizokataliwa, pamoja na sababu. Kila rekodi inakaguliwa peke yake. Na seva haijibu tena "sawa" tupu. Inarudisha utambulisho wa kila rekodi na hatima yake, na simu haifuti kitu kwenye foleni mpaka ione utambulisho huo umerudi ukiwa umehifadhiwa. Alama ya kijani inatoka wakati huo, si kabla. Maalim alisema sasa inachelewa kidogo. Nikamweleza kwa nini, akasema basi ichelewe.

Majaribio sasa yanaendeshwa mara tatu, kila mara mashine ikidanganywa iko mahali pengine: UTC, Dar es Salaam, na Kiritimati kule Pasifiki, ambako saa ziko 14 mbele ya UTC. Kazi ya zamani niliirudisha kwa makusudi nione kama majaribio yangeikamata. Yaliikamata kwenye jaribio la kwanza kabisa.

Kurejesha ndoo kulikuwa kazi ya kalamu. Rekodi zilishafutwa simuni, na seva haikuwa imezihifadhi popote. Tulikaa na daftari la karatasi siku mbili, Maalim akisoma, mimi nikiingiza: 61 za Oktoba, na 38 za usiku ule na usiku mmoja kabla yake. Mstari baada ya mstari, mwandiko ule ule wa kialimu, "usiku wa Jumanne", "usiku wa Jumatano", hakuna uliofutwa wala kuchorwa juu. Mgao ukapigwa upya mbele ya wenye vyombo, na nahodha wa kile chombo cha ndoo tisa akasimama akamwomba Maalim radhi, mbele ya watu wale wale.

Baharia wa mwisho kulipwa hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda dago, kambi ya muda ya wavuvi, upande wa Tanga. Maalim alimtumia pesa kwa simu, kisha akampigia kumsomea hesabu yake yote, ndoo kwa ndoo, mpaka yule kijana alipomwambia inatosha.